Jiwe Lililoyeyuka Nusu, na Nguo Zilizokuwa Juu Yake

Vijana wa Kolwezi, nawajua. Mkiokota jiwe mnatafuta kwanza rangi ya kijani. Msipoiona, mnatafuta weusi wa kobalti. Msipoona hata huo mnalitupa, tena kwa hasira, kama vile jiwe ndilo lililowaita. Mimi nimelea watoto wangu kwa hayo mnayoyatupa. Nilikuwa mwanajiolojia wa ramani. Hatukuchimba kitu. Tulitembea upande wa magharibi, Kasaji, Kisenge na mbele zaidi, tukaandika jiwe gani limelala wapi. Mama yangu mzazi, mpaka anafariki, alikuwa akiwaambia jirani zake hapa mtaa wa Manika kwamba binti yake analinda mawe ya serikali yasiibwe. Nilijaribu kumweleza, nikaona afadhali aendelee kujivuna.

Jiwe nililolipenda kuliko yote linaitwa migmatiti. Maana ya jina lenyewe ni mchanganyiko tu. Ni jiwe lililoanza kuyeyuka likaishia njiani.

Nitawaeleza kwa nyama ya nguruwe, kwa sababu ndivyo nilivyowaeleza watu wengi na wote wakaelewa, isipokuwa mchungaji mmoja wa Kiadventista aliyeondoka. Weka nyama yenye mafuta kwenye sufuria, usitie chochote. Moto ukiwa wa kadiri, mafuta yanatoka kwanza na kutiririka. Nyama nyekundu inabaki palepale. Jiwe nalo ni hivyohivyo. Tope la zamani linageuka jiwe, linafunikwa, linashuka chini sana kadiri milima inavyolilalia. Huko joto na mgandamizo vinalipanga upya, madini yake yanalala upande mmoja kama nguo zilizokunjwa, na hapo tunaliita gnaisi. Likizidi kupashwa, kuanzia kama digrii mia sita na hamsini ikiwa kuna maji, na zaidi ikiwa limekauka, linaanza kuyeyuka. Lakini haliyeyuki lote. Zinatoka kwanza kwarzi na feldispari, zile nyeupe. Mika nyeusi, ile inayobanduka kama magamba, inagoma, na ikizidiwa na moto inaachia maji iliyokuwa imeyaficha ndani yake, na maji hayo yanasaidia wengine kuyeyuka. Ule weupe uliotiririka tunauita leukosomu. Ule weusi uliogoma, melanosomu. Jiwe likipoa linabaki na michirizi ya weupe na weusi, na mtu asiyejua anadhani ni keki ya harusi.

Sasa nije kwa wanaume wawili walionifundisha jiwe hili, ambao karibu msimu mzima wa kiangazi hawakuongea.

Mkuu wa misheni yetu ya ramani, shefu wetu, alikuwa Tata Mukalay, mzee wa kanisa, mtu wa magoti mabovu na macho makali ajabu. Alijifunza kazi zamani, wakati walimu walipokuwa wakisema weupe ndani ya jiwe ni maji ya graniti yaliyosukumwa kutoka mahali pengine, kama dawa kwenye sindano. Kwake jiwe lilikuwa graniti au gnaisi, basi. Neno migmatiti alilisikia kama tusi.

“Migmatiti,” aliniambia siku ya kwanza, “ni jina ya mutu mwenye kushindwa kuchagula.”

Wa pili alikuwa Ngoie. Alikuwa ametoka masomoni karibuni, na nywele zake zilikuwa zimechanwa hata porini. Ngoie aliamini kwamba weupe haukutoka popote, umetoka ndani ya jiwe lenyewe. Na hapa naomba msikilize vizuri, kwa maana ni jambo la kazi. Tazama kando ya mshipa mweupe. Ukiona ukingo mweusi wa mika umeukumbatia, jua weupe uliyeyuka hapohapo na weusi ndio uliobaki. Ukiona mshipa mweupe unakata mistari yote bila ukingo, kama mtu anayepita kwenye shamba la wengine, huo huenda ulitoka mbali. Ngoie ndiye aliyenionyesha. Alinionyesha mara nyingi sana. Alinionyesha hata wakati wa kula.

Walikosana Kasaji. Karibu na daraja la reli palikuwa na kijito, na kwenye kijito bamba la jiwe kubwa kama uwanja wa mpira, tupu, safi, limesuguliwa na maji. Jiwe kama hilo mwanajiolojia analiota. Tata Mukalay aliingia kutoka chini, upande wa daraja, kwa kuwa gari lilifika pale na magoti yake hayakupenda kutembea. Aliinama, akaangalia, akaandika graniti. Ngoie aliingia kutoka juu, kwa njia ya miguu inayotoka kijijini, akaangalia na yeye, akaandika migmatiti yenye mistari. Jioni wakaweka karatasi zao pamoja. Nilikuwa nakula ugali wangu wa bukari na majani ya sombe, na nakumbuka niliacha kutafuna.

Tata Mukalay alisema Ngoie hajaona jiwe, ameona kitabu chake. Ngoie alisema shefu hajaona jiwe, ameona ujana wake. Kuanzia hapo hawakusemezana tena. Tulikuwa watatu kwenye meza moja, na ilibidi maneno yapite kwangu. Shefu aliniambia nimwambie Ngoie apitishe chumvi. Ngoie aliniambia nimwambie shefu kwamba chumvi iko mbele yake. Mimi nilikuwa nasema kwa sauti maneno ambayo wote wawili walikuwa wameshayasikia, na wote wawili walisubiri niyamalize ndipo wakasirike.

Mtaniuliza kwa nini hawakwenda pamoja tu katikati ya bamba na kuangalia. Ni swali zuri. Katikati ya bamba kulikuwa na nguo.

Wanawake wote wa mtaa ule walifulia pale. Wakishafua walianika palepale juu ya jiwe, mashuka, vitenge, mablanketi, sare za shule, vyepesi wakivikandamiza kwa mawe madogo. Kuanzia Jumatatu hadi Jumamosi sehemu ya kati ya bamba haikuonekana hata kidole. Jumapili ilikuwa tupu, lakini Jumapili Tata Mukalay hakuruhusu mtu aguse nyundo wala kukodolea jiwe macho. Hivyo yeye aliujua upande wake wa chini, Ngoie aliujua wake wa juu, na ukweli wote ulikuwa umelala katikati chini ya mashuka.

Bosi wa nguo zile alikuwa Mama Sabina. Hakuchaguliwa na mtu. Alikuwa na sauti tu. Yeye ndiye aliyegawa nafasi za kuanikia, na mgeni akisogeza kitenge cha mtu aliitwa na kuulizwa kama kwao hawana mama. Ngoie alijaribu mara moja kuinua pindo la shuka kwa ncha ya nyundo ili aangalie. Sijui alidhani nani hamwoni. Alirudi kambini akaniambia nimwambie shefu kwamba sehemu ya kati haifikiki kwa sababu za kijamii.

Shefu naye alipata yake. Mnajua kwamba jiwe kavu linaficha sura yake. Ukililowesha, rangi zinafunguka. Kama huna maji karibu unalilamba. Wote tumelamba mawe, si aibu. Tata Mukalay alikuwa na maji ya kijito mbele ya miguu, lakini mazoea ni mazoea. Alipiga magoti, akalamba bamba, akabaki amefumba macho. Kwa muda nilidhani anasali. Kisha akatema povu. Pale mahali walikuwa wamesugua blanketi muda si mrefu. Aliniambia nimwandikie Ngoie kwamba jiwe lina sabuni. Ngoie alijibu kwamba katika hilo anakubaliana na shefu. Lilikuwa jambo la kwanza walilokubaliana tangu kufika.

Tungeweza kucheka hivyo mpaka mvua zianze, kama asingekuja fundi wa reli.

Njia ya reli ilihitaji kokoto za kuwekwa chini ya mataruma. Fundi alikuwa ametumwa kutafuta jiwe gumu karibu na reli, na aliposimama darajani akaliona bamba letu, uso wake uliwaka. Alikuja kambini kwa heshima, akavua kofia, akauliza jambo moja tu: lile ni jiwe gani? Kama ni graniti, wataleta mashine na kulivunja. Kama ni jiwe lenye matabaka ya mika halimfai, kwa sababu linavunjika bapa kama sahani na garimoshi linalisaga kuwa unga. Alisema atarudi mwisho wa juma kuchukua jibu la shefu.

Shefu alikuwa ameshaandika graniti. Aliandika, na tangu siku ile alitetea alichoandika.

Habari ilifika kijitoni kabla ya fundi kufika stesheni. Asubuhi yake Mama Sabina alikuja kambini peke yake, amevaa kitenge cha kwenda kanisani. Hakuwasalimia wanaume. Aliketi kwenye sanduku la sampuli, akaniambia kwamba mama yake alifulia pale, na yeye alipata uchungu wa mtoto wake wa kwanza akiwa pale, na kwamba ukishuka zaidi kijito ni matope matupu. Kisha akauliza kwa sauti ya chini, na kwake sauti ya chini ilikuwa jambo la kutisha:

“Mama, beye banasema majina mbili. Ile jina yenye haitavunja jiwe yetu ni gani? Uandike ile.”

Nilitamani kuandika. Ninyi mngetamani. Lakini ramani si cheti cha kumsaidia ndugu. Mtu anayekuja baada yako anachimba kisima au anajenga daraja akiiamini. Nikamwambia sichagui jina, jiwe ndilo linalolichagua, na kwamba mpaka sasa hatujaliona jiwe lake lote kwa sababu amelifunika. Kama anataka jibu la kweli, anisaidie tulione katikati. Siwezi kumwahidi litatoka jibu gani.

Akasimama, akajipangusa kitenge.

“Bataona,” akasema. “Lakini batabeba manguo beye benyewe. Biko na mikono.”

Basi siku iliyofuata mngekuwepo. Mama Sabina alisimama juu ya bamba kama hakimu, wanawake wengine nyuma yake, na nguo zote zikiwa mbichi kwa sababu aliamua zifuliwe kwanza kama kawaida. Alimwita shefu, akamwekea mashuka mikononi, na juu ya mashuka blanketi, na juu ya blanketi vitu vingine vya wanawake ambavyo mzee wa kanisa alivibeba huku akitazama mbinguni. Maji yalimchuruzika mpaka ndani ya viatu. Ngoie alipewa sare za shule shingoni na beseni kichwani, na nywele zake zikaharibika. Walitembea kutoka pande mbili, mmoja kutoka chini na mwingine kutoka juu, wakiokota nguo moja moja, na jiwe likafunguka nyuma yao likiwa limelowa. Na jiwe lililolowa ndilo linalosema.

Upande wa Ngoie mistari ilikuwa wazi, myeupe, myeusi, myeupe, myeusi, kila weupe na ukingo wake wa mika. Sura ya zamani ya jiwe ilikuwa bado inasomeka. Hiyo kwa majina ya sasa ni metateksiti: limeyeyuka, lakini kidogo, na umbo limebaki. Ukisogea kuelekea katikati mistari ilianza kupinda, kisha kukatika. Weupe uliongezeka. Mbele kidogo, vipande vyeusi vya jiwe la zamani vilikuwa vinaelea ndani ya kijivu kama madonge ya unga ndani ya uji wa mtu mvivu. Na upande wa shefu uji ulikuwa umeshinda kabisa, kijivu kimoja, huku na huku kiuzi cheusi kama moshi. Hiyo ni diateksiti. Ukiiona peke yake, na magoti yakiuma, utaandika graniti, na sitakucheka. Ilikuwa karibu kuwa graniti. Uji kama ule ukichuruzika ukaenda zake juu bila madonge, ndipo graniti nyingi zinapotoka.

Msitafute mahali pa kuweka ukuta kati ya moja na nyingine. Swali ni hilo tu: umbo la zamani limebaki au limepotea? Ukishajibu hilo, ndipo uende kwenye majina madogo, yale ya mistari, ya wavu, ya mapande yanayoelea.

Walikutana katikati. Shefu alipiga magoti polepole, bado na mzigo mikononi, akaangalia mahali ambapo mstari mmoja mweusi ulikuwa unakatika vipande na kumezwa. Aliangalia muda mrefu sana. Mimi nilikuwa tayari kupokea ujumbe wa kumpelekea Ngoie, ambaye alikuwa amesimama karibu naye kiasi kwamba maji ya sare yalimdondokea shefu mgongoni.

“Ngoie,” Tata Mukalay akasema. “Kuya uone hapa.”

Ngoie alikuwa tayari pale, hakuwa na pa kuja. Lakini alipiga magoti. Waliongea kwa saa nyingi, vichwa vikigusana, kila mmoja akimwonyesha mwenzake alichokuwa ameona tangu mwanzo upande wake. Hakuna aliyesema nimekosea. Hakukuwa na haja. Nguo walizisahau mikononi, mpaka Mama Sabina alipokuja kuwanyang’anya akiuliza kama zitakauka kwa maneno.

Lakini jibu la fundi lilikuwa bado, na sasa lilikuwa baya kwa namna nyingine. Nusu ya juu haikumfaa. Nusu ya chini ilimfaa sana. Mama Sabina alipoelezwa alikaa chini. Alisema nusu ya jiwe si jiwe.

Ndipo shefu alipofanya jambo ambalo kwalo namheshimu mpaka leo. Alisema diateksiti, alilitamka vibaya lakini alilitamka, haiwezi kuwa imeishia kijitoni. Uji mwingi namna ile lazima uende mahali. Akachukua fimbo, akamshika Ngoie bega, wakaanza kuufuata wakivuka reli, magoti yake na yote. Mimi nyuma na nyundo. Jiwe lilizama chini ya udongo, likatokea, likazama tena. Tukalipoteza kwenye majani marefu. Shefu akageuza uso akasema weupe ulielekea huku, kwa namna ulivyolala kule chini. Ngoie akasema ndiyo, na mimi nikashangaa kusikia ndiyo. Mwishoni tukatokea kwenye shamba la mihogo, na katikati ya mihogo mgongo mkubwa wa jiwe la kijivu, mzima, bila tabaka, karibu zaidi na reli kuliko lile bamba.

Mwenye shamba alikuwa amekaa juu yake akinoa jembe. Alikuwa mume wa Mama Sabina. Alituambia kwamba jiwe lile limemvunjia majembe tangu arithi shamba, na tukijua mtu yeyote anayelitaka, atamsaidia kulibeba kwa mikono yake.

Fundi aliporudi, Tata Mukalay alimpeleka pale yeye mwenyewe. Fundi aligonga, akasikiliza mlio, akaridhika. Kijitoni hakupita tena.

Siku hizi mna simu zinazowaambia mlipo, mna ndege ndogo za kupiga picha kutoka juu. Ni vizuri, ningekuwa nazo ningezitumia. Lakini ndege ile isingeona kitu pale Kasaji zaidi ya mashuka. Zungukeni jiwe. Liingieni kutoka chini na kutoka juu. Lowesheni, kwa maji tafadhali. Simameni mbali mkodoe macho, kisha karibu na lenzi. Na anayelikalia jiwe, msalimieni kwanza.

Tata Mukalay tulimzika hapa Kolwezi. Baada ya mazishi yake nilipita Kasaji kwa shughuli za familia, nikashuka kijitoni nikiwa sina nyundo wala kazi. Nguo zilikuwepo. Nilimuuliza binti mmoja aliyekuwa akifua, mke mpya wa mtaani, kama Mama Sabina bado yuko.

“Iko kwa Mukalay,” akajibu, akionyesha kwa kidevu upande wa daraja. “Anafula mablanketi.”

Nikamuuliza Mukalay ni nani. Akasema si mtu, ni upande wa jiwe, laini, mzuri kwa blanketi. Nilikaa pale mpaka macho yakauke.

Niliporudi nilimpigia simu Ngoie, ambaye amestaafu Likasi, nikamweleza. Akauliza kama na upande wake una jina. Nikamwambia ndiyo, wanauita kwa Ngoie, na wanaanika hapo nepi za watoto.

“Njo vile,” akasema. “Ni mistari myeusi. Inashika joto kuliko ya shefu. Pale kwa shefu nepi haiwezi kukauka.”